Lami Juu ya Kutu

Mama Simu alianza kumshuku mkwewe siku mkwe alipolisifia gari.

Tangu amwoe binti yake na kuhamia nyumbani kwake, mkwe hakuwahi kulisemea gari lile neno jema. Alifanya kazi ofisi ya bima, mtu wa mashati yaliyonyooka mpaka kwenye vifungo, na kila alipopewa lifti alikaa ukingoni mwa kiti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Leo, baada ya chakula cha mchana, akajipangusa mdomo akasema, "Mama, gari lako bado lina hadhi yake. Ila chini lipigwe lami mpya kabla mvua hazijaanza. Nitalipeleka mimi. Wewe usijisumbue."

Mama Simu akamtazama. Kisha akamtazama binti yake. Binti alikuwa anakusanya sahani, pamoja na ya mama yake ambayo bado ilikuwa na chakula.

"Lami," Mama Simu alisema.

"Ile nyeusi ya kukinga kutu, Mama. Magari ya zamani yanaihitaji."

"Na wewe umeanza lini kujua magari ya zamani yanahitaji nini?"

Mkwe akacheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko Mama Simu alikokuwa amekusikiliza maisha yake yote. Ujana wake aliumalizia mbele ya ubao wa kuunganishia simu, visikilizio masikioni, mikono ikichomeka nyaya na kuchomoa. Sheria ya kazi ilikuwa unganisha, usisikilize. Lakini jicho lina kope, sikio halina. Alimjua mwanamume anayemwambia mkewe yuko ofisini huku glasi zinagongana nyuma yake. Alizijua pumzi za mtu anayetafuta neno la kujazia uongo. Mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe, yeye na wenzake waliagwa kwa keki na hotuba. Alistaafu yeye, masikio yake hayakustaafu.

Gari lilitokana na kazi hiyohiyo. Alilinunua kwa mshahara wake kabla hata hajaolewa, la rangi ya maziwa, taa za duara, usukani mwembamba kama bangili. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye hakujua kuendesha wala hakutaka kujua, na gari alilibandika jina la "mume mwenzangu". Asubuhi alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, anasema, "Nendeni salama, wewe na mume mwenzangu." Watu walicheka, naye alikuwa wa kwanza kucheka. Baada ya kumzika, Mama Simu alibaki na huyo mume wa pili, akamtunza.

Sasa mtu ambaye hajawahi kulipangusa hata kioo anataka kulipeleka kwa fundi. Pafukapo moshi pana nini? Mama Simu alikumbuka mambo mengine madogo ya wiki zile. Akiingia sebuleni, binti alikuwa anakata simu kwa kusema, "Basi, tutaongea." Akipita jikoni, maongezi yalihamia ghafla kwenye bei ya mafuta ya taa, na nyumba ile ilikuwa haijatumia mafuta ya taa tangu umeme uingie. Jirani alikuwa amemwambia kwamba siku hizi kuna watu wanatafuta magari ya zamani kama dhahabu, wanayapiga rangi na kuyauza kwa matajiri. Mama Simu akajumlisha. Gari likishapakwa lami, likang'aa chini kama viatu vya bwana harusi, linauzika. Na likishauzwa, kinachofuata ni nyumba. Kisha mwenyewe anawekwa kwenye kona ya nyumba ya watu, anapewa kiti karibu na dirisha.

"Nitalipeleka mwenyewe," alisema. "Nielekeze tu kwa huyo fundi wako."

Mkwe akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshaingia jikoni.

"Basi twende wote, Mama," alisema mkwe.

Gereji ilikuwa nyuma ya duka la mbao, uwanja wa udongo uliokolea mafuta, paa la mabati upande mmoja na shimo la kukagulia magari katikati. Fundi alijulikana kwa jina la Taratibu, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alikuwa mnene, mpole, mwenye vidole vifupi vyenye nguvu, na alimwamkia Mama Simu kwa kuinama kuliko ilivyohitajika.

Mama Simu akaegesha, akashuka, akakaa kwenye kigoda, akatazama.

Fundi hakuuliza gari lina shida gani. Hilo la kwanza. La pili, alipoleta jeki hakuiweka chini ya ubavu, karibu na gurudumu, pale ambapo kila fundi tangu zamani alikuwa akiiweka, pale palipotengenezewa jeki na waliolitengeneza gari. Aliizungusha mpaka nyuma, akaitegeshea kwenye ekseli. Hakujaribu pengine kwanza. Alikwenda moja kwa moja, kama mgeni anayejua choo kiko wapi.

Mama Simu aliliweka hilo pembeni.

"Nionyeshe hizo dawa za kutu," alisema.

Fundi akaleta makopo akayapanga juu ya gurudumu lililolazwa chini. "Hii ni lami, Mama. Nyeusi, nzito, ikikauka imekauka. Hii nyingine imechanganywa na mpira, haipasuki upesi, kokoto zikirushwa na matairi zinadunda. Na hii ya mwisho ni nta. Haikauki ikawa ngumu, inabaki laini, inatambaa mpaka kwenye maungio ambayo brashi haifiki. Ila haina sura, Mama. Inaonyesha kila kitu. Na kila mwaka lazima irudiwe."

"Wewe ungepaka ipi?"

"Kwa gari hili, lami. Inaficha, yaani, inakinga kila kitu."

Neno lilikuwa limeshatoka, na hata yeye aliliona likitoka. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kopo ambalo halikuwa chafu.

"Kabla ya kupaka," Mama Simu alisema taratibu, "si mtakwangua ile ya zamani kwanza?"

"Haina haja, Mama. Ya zamani bado imeshika. Tunapitisha mpya juu yake, siku moja kazi imekwisha."

"Mtu hapaki mafuta juu ya kidonda bila kukiosha."

Fundi akamtazama mkwe. Ilikuwa nukta tu, lakini Mama Simu aliishi kwa nukta kama hizo. Mkwe akatabasamu, akasema, "Mama, tumwachie fundi. Kila mtu na kazi yake."

"Ni kweli, kila mtu na kazi yake," Mama Simu alijibu. "Basi na lilale hapa. Mlipake kesho, jioni nitakuja kulichukua."

Nyumbani alifungua kasha la vitu vyake vya kazi. Humo alikuwa na kisikilizio kibovu alichopewa kama kumbukumbu, na ndani ya kila kisikilizio cha zamani mna sumaku ndogo yenye nguvu. Aliitoa kwa kisu cha jikoni, akaifunga kwenye leso, akaijaribu mlangoni kwenye bawaba. Ikashika. Akaijaribu ukutani. Ikaanguka.

Kesho yake hakungoja jioni. Fundi alipofungua lango la gereji, Mama Simu alikuwa ameshasimama nje, amevaa gauni la zamani na viatu vya raba.

"Mama, shikamoo. Mbona mapema? Bado hatujaanza."

"Marahaba. Ndiyo maana nimekuja mapema. Lisukume juu ya shimo."

"Mama, shimoni kuna mafuta, utachafuka."

"Nimelea mtoto, mwanangu. Nimeshachafuka kwa vitu vibaya zaidi."

Fundi alizungukazunguka, mara anatafuta spana, mara anatafuta kitambaa. Mwisho akalisukuma. Mama Simu akashuka ngazi za shimo polepole, mkono mmoja ukutani, mkono wa pili umeshika tochi. Hakuwa amewahi kuliona gari lake kutoka huko. Lilikuwa jeusi lote tumboni, jeusi la kupendeza hasa, limenawiri, isipokuwa sehemu moja upande wa dereva ambapo lami ilikuwa imeanza kupasuka vipande kama tope la dimbwi lililokauka.

Akaanza nyuma. Leso yenye sumaku aliigusisha kwenye boriti ya chuma. Ikavuta, ikashika tik. Akaibandua, akasogea. Tik. Akasogea. Kwenye sakafu ya kiti cha nyuma, tik. Kiti cha abiria wa mbele, tik. Akahamia upande wa dereva. Sumaku ikamdondokea kifuani.

Alidhani ameishika vibaya. Akaijaribu tena palepale, ikadondoka. Akajaribu kando, kisha mbele, chini ya pedali. Ilikuwa kama anaigusisha kwenye gogo la mgomba. Akaiweka mfukoni, akakandamiza kwa dole gumba. Sakafu ikabonyea.

"Nipe bisibisi," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Nipe bisibisi, mwanangu."

Fundi akampa. Mama Simu hakusukuma kwa nguvu. Bisibisi ilipita lami, ikapita kitu kama gunia lililogandishwa na gundi, ikatokea upande wa pili. Alipoichomoa, mwanga ukashuka kupitia kitobo ukamwangukia usoni, na juu yake aliona nyuzi za zulia jekundu la ndani. Alilijua zulia lile. Alikuwa analikung'uta kila Jumamosi. Kisigino chake cha kulia, kila siku, kilikuwa kinakaa juu ya kitambaa na gundi, na chini ya hapo barabara.

Alipanda ngazi. Akakaa kwenye kigoda, akaiweka bisibisi mapajani.

"Mpigie mkwe wangu."

"Yuko kazini, Mama."

"Namba yake unayo. Mpigie."

Mkwe alifika jasho limemchora mgongoni. Alimwona mama mkwe wake na lami kwenye paji la uso, akaona bisibisi mapajani mwake, akajua. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi.

Mama Simu hakupandisha sauti. Alitumia ile sauti ya ubaoni, safi, ya mtu asiyehusika. "Nakusikiliza."

"Mama, ulipolazwa kwa ajili ya presha, nililichukua gari kufuata dawa zako. Nilipokanyaga breki, kiatu changu kikapenya sakafu. Nikalivuta mpaka hapa. Fundi akasema chini kumeoza."

"Kuanzia ubavuni mpaka kwenye pedali," fundi alidakia bila kuinua macho. "Lami ya zamani ilikuwa imepakwa juu ya kutu. Na waliopaka waliziba na matundu ya kutoa maji. Maji yalikuwa yanaingia, hayatoki. Bati limelika kwa ndani miaka na miaka, huku nje linang'aa."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikabandika kitambaa na gundi, nikapaka lami. Nilimwambia ni ya muda mfupi tu, Mama. Nilimwambia."

"Daktari alisema usipewe habari za kukushtua," mkwe alisema. "Mwanao akalia. Akasema ukisikia gari limekufa, na wewe utakwenda nalo. Tukaona tulifunike kwanza, ukipata nafuu tukwambie. Ukapata nafuu, ukaanza kuliendesha, ukawa na furaha. Kila siku tulikuwa tunasema kesho. Sasa lami imeanza kupasuka, tukaogopa utaona."

"Hamkutaka kuliuza."

Mkwe akashangaa. "Kumuuzia nani, Mama? Halina sakafu."

Hapo Mama Simu alijikuta kwenye hali asiyoizoea. Alikuwa ameshuku, na alikuwa amepatia. Ila alichokishuku hakikuwa hicho alichokikuta. Aliwadhania wezi, kumbe ni waoga. Hakujua kipi kinauma zaidi. Mwizi angalau unaweza kumfungia mlango.

"Yaani mlikuwa mnaniona nikitoka asubuhi," alisema, "mnanipungia mkono, na mnajua nimekanyaga gunia."

Akaiweka bisibisi chini, karibu na kigoda.

"Presha yangu mliipima. Miguu yangu je? Ingechomokea barabarani, mngesema nini? Kwamba hamkutaka kunishtua?"

"Tulikosea, Mama."

"Mficha uchi hazai. Nyinyi mmeuficha mpaka mkaupaka lami." Akamgeukia fundi. "Linapona?"

Fundi Taratibu akajikuna shingo. Safari hii alikwenda mwenyewe shimoni, akagongagonga kwa nyundo kila mahali, akachungulia kwa tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Boriti zake ni nzima. Sakafu upande wa dereva na ubavu wake ndio vya kukata, tuchomelee bati jipya. Ila lazima likwanguliwe lote, mpaka chuma kionekane. Hiyo ni kazi ya kuchosha, si ya siku moja."

"Mkwe wangu atakusaidia kukwangua," alisema Mama Simu.

Mkwe akatazama shati lake. Kisha akaanza kufungua vifungo.

Zikafuata jioni za kukwangua. Mkwe alitoka ofisini, akavaa bwelasuti ya fundi iliyomfikia juu ya vifundo, akalala chali juu ya boksi lililofunuliwa, brashi ya waya mkononi, vumbi jeusi likimwagikia kope. Mama Simu alikuwa ameambiwa akae juu, akakataa. Alikaa shimoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimulika tochi, akionyesha kwa kidole palipobaki. Kazi ilikuwa na kelele yake, na hiyo iliwafaa wote wawili. Lami ilipobanduka, kutu ilianguka kwa mapande kama maganda ya mkate ulioungua. Penye uzima chuma kilitokea, cha kijivu, na mkwe akaanza kukifurahia bila kujua.

"Hapa pazuri, Mama. Tazama hapa."

"Napaona. Rudi nyuma, umeruka kona."

Siku fundi alipochomelea bati jipya waliambiwa wageuze nyuso, wakasimama pamoja ukutani kama watu wanaotiwa adabu. Cheche zilikuwa zinaruka nyuma yao. Mama Simu alisikia mkwe akivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia bila neno. Baada ya muda akavuta nyingine.

"Bado kuna lingine," Mama Simu alisema, bila kugeuka.

Mkwe akasema, "Nimehamishwa, Mama. Mji mwingine, mbali. Tunaondoka mvua zikiisha. Ndiyo zile simu. Mwanao anataka tuhame na wewe, ila hajui aanzie wapi. Anaogopa utasema tunakuvunjia nyumba."

"Ningesema hivyo."

"Najua."

"Na wewe unatakaje?"

Mkwe alifikiri. Hakujibu upesi, na hili Mama Simu alilipenda, kwa sababu huku hakukuwa kuchelewa kwa mtu anayetunga. "Mimi nataka mke wangu asilie," alisema. "Na naona tukikuchukua kwa nguvu, atalia zaidi."

"Sihami," Mama Simu alisema. "Nitakuja kuwatembelea. Nitakuja na gari langu. Basi hakikisha huyo bwana anachomelea vizuri."

Nyumbani binti alilia hata hivyo, kwanza kwa aibu, kisha kwa kusamehewa, mwisho kwa sababu alikuwa ameshaanza na kuacha kulikuwa kugumu. Mama Simu alimwachia amalize. Halafu akamwambia, "Mimi si yai, mwanangu. Nikivunjika nitakwambia."

Siku ya kuchagua ikafika tena. Makopo yalikuwa palepale juu ya gurudumu. Chini ya gari palikuwa pasafi, bati jipya limepakwa rangi ya kwanza ya kijivu, maungio yamezibwa kwa gundi maalumu.

"Nta," alisema Mama Simu.

"Itabidi urudi kila mwaka, Mama," fundi alimwonya. "Na kokoto zitakwaruza. Ile ya mpira ingevumilia zaidi."

"Ile ya mpira nikiipaka nitaona nini?"

"Utaona mpira."

"Nataka kutu ikija niione inakuja. Ya mpira weka kwenye matao yaliyo juu ya matairi tu, kwingine kote nta."

Fundi alifunga bomba la moshi kwa magazeti, akafunika breki na mipira yake, kisha akaingiza mrija mrefu kwenye matundu ya ubavuni na kupulizia mpaka nta ikaanza kudondoka upande wa pili, rangi ya asali, ikinuka kama mishumaa. Mama Simu alisubiri amalize. Akamwomba waya, akashuka, akauchomeka kwenye kila tundu la kutoa maji, moja baada ya jingine, kuona kama liko wazi. Fundi alimtazama bila kununa.

"Huniamini, Mama."

"Nakuamini. Ila nakagua."

Mvua zilinyesha, zikaisha, binti na mumewe wakahama. Nyumba ilikuwa kimya kuliko Mama Simu alivyotarajia, na kuna siku alijuta, ingawa hakumwambia mtu. Barabara zilipokauka vizuri alipakia begi, akafunga milango, akaondoka asubuhi, kisigino cha kulia juu ya bati lisilobonyea. Njia ilikuwa ndefu yenye mashimo na madaraja membamba. Malori yalimpita yakipiga honi, mengine kwa dharau, mengine kwa heshima.

Alipofika, binti alimkumbatia mpaka akashindwa kupumua. Walimwonyesha nyumba: sebule, jiko, chumba chao, kisha chumba kingine cha pembeni chenye kitanda kilichotandikwa, mapazia ya rangi aipendayo, na kiti kimewekwa karibu na dirisha.

Mama Simu akasimama mlangoni. Alikitazama kile kiti kwa muda.

"Hiki chumba ni cha nani?"

Mkwe ndiye aliyejibu, na hakuchelewa.

"Ni chako, Mama. Siku utakayotaka mwenyewe. Usipotaka, ni cha wageni."

Mama Simu aliingia, akakikalia kiti, akachungulia nje. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani.

"Hakuna cha kuona hapa," alisema. "Kigeuzeni kitazame mlangoni."

Wakakigeuza. Akakaa nao mpaka aliposikia ametosheka, kisha akawasha gari, akarudi kwake.